Arki Uliyotengeneza Mwenyewe Imekataa? Anza na Dalili

Arki, au esensi kama wengine wanavyoiita, ni rahisi mno kwenye maelezo: chukua kitu chenye harufu, kiloweke kwenye kileo, subiri, chuja. Mtu anafanya hivyo hivyo, anasubiri mwezi mzima, anafungua chupa na kukutana na pombe yenye rangi. Au maji ya kijivu. Au kitu cheupe kinachoelea, hajui ni mafuta au ni ukungu.

Kabla hujamwaga, jiulize mambo matatu. Kileo kilikuwa cha asilimia ngapi? Ulitia gramu ngapi za kiungo? Kiungo chenyewe kilikuwa kibichi au kikavu? Karibu matatizo yote yaliyo hapa chini yanaanzia hapo, na mara nyingi kosa lilishafanyika siku ile ile ya kwanza, kifuniko kilipofungwa. Muda husingiziwa bure.

Halafu usiihukumu arki kwa kuinusa chupani. Pua ikishakutana na vodka haisikii kingine. Chukua nusu kijiko cha chai, changanya kwenye robo kikombe cha maziwa ya uvuguvugu yenye sukari kidogo, onja. Maziwa hutuliza ukali wa kileo na mafuta yake huibeba harufu, kwa hiyo unaonja kitu kinachokaribiana na kitakachotokea kwenye keki. Ninapoandika "onja" kuanzia hapa, maana yake ni hivyo.

Vanila imekolea rangi, lakini ladha hamna

Hili ndilo lalamiko linaloongoza, na rangi ndiyo inayodanganya. Maganda mawili matatu ya vanila yanaweza kuigeuza chupa nzima ya vodka ikawa ya kahawia ndani ya wiki chache. Ladha haipatikani kirahisi hivyo.

Weka maganda kwenye mizani. Kanuni za chakula za Marekani zinataka arki halisi ya vanila iwe na wakia 13.35 za maganda kwa kila galoni, na kileo kisichopungua asilimia 35. Kwa vipimo vya wengi wetu hiyo ni kama gramu 100 kwa lita. Huenda huishi huko wala huna mpango wa kuuza, lakini ni kipimo kizuri cha kujipimia. Chupa ya mililita 250 inahitaji gramu 25. Ganda moja lililokaushwa vizuri huwa na gramu 3 hadi 4, kwa hiyo ni maganda 7 au 8. Sasa angalia maelekezo uliyofuata: mengi husema maganda 2, au 3 ukiwa mkarimu. Hiyo ni theluthi ya nguvu inayotakiwa, na ukiiacha kabatini miaka 10 itabaki theluthi. Dawa ni kuongeza maganda. Kuongeza mara mbili kipimo cha arki kwenye keki kunasaidia kidogo, ila unaongeza majimaji pia.

Kama uzito ulikuwa sawa, ndipo uanze kuuliza habari za muda. Wiki 8 zinakupa kitu kinachotumika. Arki yenye kina, ile ambayo ladha yake inabaki kinywani baada ya kumeza, inataka miezi 6 hadi 12. Maganda yawe yamepasuliwa kwa urefu na kukatwa vipande, si kutumbukizwa mazima, na chupa itikiswe walau mara moja kwa wiki. Ukitumia vodka ya asilimia 40 inatosha kabisa. Vanila haihitaji kileo kikali zaidi ya hapo. (Chupa za Marekani huandikwa "proof", gawa kwa 2 upate asilimia.)

Kuna sababu mbili nyingine ambazo watu hawazifikirii. Ya kwanza ni vanila mbichi. Ganda la kijani lililotoka tu kwenye mmea halina harufu ya kueleweka, kwa sababu vanilini, ile kemikali inayobeba sehemu kubwa ya harufu yake, bado imefungamana na sukari ndani ya ganda. Inaachiliwa wakati wa kuvundika na kukausha, kazi inayochukua miezi. Kuloweka ganda la kijani kwenye vodka hakuchukui nafasi ya kazi hiyo. Ganda lililokauka sana hadi linakatika kama kijiti, kwa upande mwingine, halina neno: halipendezi kwa macho lakini kwenye kileo linafanya kazi.

Ya pili ni ile chupa "isiyokwisha". Unatumia vijiko vitano, unajazia vodka, unatumia tena, unajazia tena. Raha sana, lakini kila unapojazia unapunguza, na yale maganda ya chini yalishatoa yote yaliyokuwa nayo mwaka juzi. Ukitaka kujazia, tia na maganda mapya.

Na tafadhali usijaribu kuichemsha ili ikolee. Kinachoondoka kwanza na mvuke ni kileo na harufu, yaani vile vitu viwili ulivyokuwa ukivitafuta.

Inanuka pombe tupu

Onja kwanza. Ikiwa kwenye maziwa ladha ipo, arki yako ni changa tu. Irudishe kabatini miezi miwili. Ikiwa kwenye maziwa pia huoni kitu, basi ni suala la uzito, rudi juu. Waliotumia kileo cha asilimia 90 na kitu kwa vanila watakuta ukali hauishi. Hapo unaweza kupunguza kwa maji safi taratibu hadi karibu asilimia 40, ukijua kwamba na ladha inapungua pamoja nayo.

Arki ya limau au chungwa imegeuka kama maziwa

Chupa yangu ya kwanza ya limau niliimwaga kwa sababu hii, na haikuwa imeharibika hata kidogo.

Harufu ya limau na chungwa iko kwenye mafuta, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni limonini. Limonini haipatani na maji. Kileo kikali huyayeyusha mafuta hayo vizuri na chupa inabaki angavu. Kileo kikishuka, mafuta yanajitenga kwa matone madogo mno yasiyoonekana moja moja, ila kwa pamoja yanatawanya mwanga na kioevu kinakuwa cheupe. Kwa hiyo weupe huo mara nyingi ni habari njema: mafuta yapo ya kutosha, kileo ndicho kimepungua. Huenda ulitia maji mwishoni "kupunguza ukali", au maganda yalikuwa na unyevu, au ulikamulia na juisi humo humo. Juisi haina kazi kwenye arki. Inaleta maji na asidi, na asidi hiyo ndiyo itakayokuja kukatisha krimu yako baadaye.

Ili kujua kwa hakika, weka kijiko kimoja cha arki kwenye glasi safi, kisha dondoshea kileo cha asilimia 90 au zaidi. Ikiangaa ghafla, yalikuwa mafuta, na unaweza kuitibu chupa nzima kwa njia hiyo hiyo au kuiacha ilivyo na kuitikisa kabla ya kutumia. Isipoangaa, una wanga, vumbi la viungo, au pektini. Hiyo huonekana sana kwenye tangawizi na matunda: wanga wa tangawizi hutua chini ukiiacha chupa imesimama siku kadhaa, na pektini ya matunda hujikusanya ndani ya kileo kama vipande vya jeli. Mimina ya juu taratibu, chuja kwa karatasi ya kahawa, uendelee na maisha.

Somo kwa mara ijayo: kwa machungwa na ndugu zake tumia kileo kikali kadiri unavyoweza kukipata kihalali, cha kunywewa. Vodka ya asilimia 40 hutoa harufu, lakini haiwezi kubeba mafuta mengi. Katika kileo kikali maganda hutoa karibu kila kitu ndani ya siku chache hadi wiki mbili, na dalili yake unaiona kwa macho: ganda linapauka na kuwa kakamavu, likikunjwa linavunjika. Likifikia hapo litoe. Hakuna zaidi isipokuwa uchungu.

Ina uchungu

Kwa limau na chungwa, mshitakiwa wa kwanza ni utando mweupe ulio chini ya rangi. Kisu cha kumenyea kikizama kidogo tu, umeuchukua. Tumia kikwaruzo chenye meno madogo, na uache mkono mwepesi: rangi tu. Kama maganda yako yalishaingia na weupe wake, yatoe leo, usisubiri siku uliyopanga.

Kwa nanaa na majani mengine mabichi, uchungu unatokana na kuchelewa. Majani hutoa harufu mapema. Siku 2 au 3 zinaweza kutosha, wiki moja ni nyingi. Baada ya hapo yanatoa rangi ya kijani inayogeuka kahawia na ladha ya nyasi zilizolowa. Wenye haraka huyaponda majani, na hilo linaongeza ladha ya nyasi. Yapige makofi kidogo kwa viganja, yatie. Ukitaka nguvu zaidi, yatoe yale ya kwanza na utie mengine kwenye kileo kile kile, ila ukumbuke hesabu ya maji nitakayoieleza.

Hapa pia kuna suala la mmea wenyewe. Zipo nanaa zenye mentholi nyingi, zile zinazopoza kinywa kama upepo, na zipo zenye karvoni, ambazo ni tamu-tamu na hazipozi. Mtu akitumia ya pili halafu akasema arki yake "haipozi kama ya dukani", hajakosea kuloweka, amekosea mmea.

Kahawa, kakao na viungo vya magome vina uchungu wa aina nyingine: unakausha ulimi, kama chai iliyosahaulika kwenye birika. Ni tanini. Haiondoki kwa kuchuja. Unaipunguza kwa vodka tupu, au unaikubali na kuitumia kwenye vitu vyenye maziwa na sukari nyingi, ambako haijitokezi sana.

Mdalasini umekuwa ute

Ukifungua chupa ya mdalasini ukakuta kioevu kinachovutika kama kamasi, usishtuke, ingawa nakubali haipendezi. Gome la mdalasini, hasa lile nene la kasia, lina ute wa asili, na unga wake huvimba unapolowana. Unga ndio wenye balaa kubwa. Kuuchuja ni kazi ya jioni nzima: karatasi inaziba baada ya vijiko viwili. Iache chupa itulie siku mbili tatu, mimina ya juu tu kupitia kitambaa, na ya chini itupe bila majuto. Safari nyingine tumia vijiti, uvitoe baada ya wiki mbili hadi nne.

Karafuu hazina ute, zina nguvu kupita kiasi. Eujenoli, kemikali inayobeba harufu yake, hufanya ulimi ufe ganzi, na chupa iliyoachwa mwezi haifai kwa keki wala kwa kitu kingine mpaka uipunguze mara nne au tano. Anza kuonja siku ya tatu. Iliki ni kinyume: ikitiwa na maganda mazima hutoa kidogo sana, kwa sababu harufu iko kwenye mbegu. Ipasue.

Kuna kitu cheupe. Ni ukungu?

Inategemea kiko wapi na kina sura gani.

Kwenye ganda la vanila kavu, kabla hujaloweka, vumbi jeupe linaweza kuwa vanilini yenyewe iliyotoka nje na kuganda. Lisogeze kwenye mwanga: vanilini ni sindano ndogo zinazometa, na harufu yake ni ile ile unayoipenda. Ukungu haumeti. Ni wa sufi au wa unga uliofifia, wakati mwingine wa kijivu au kijani, na unanuka kama chumba kilichofungwa wakati wa mvua.

Utando mwembamba wenye rangi za upinde wa mvua juu ya arki ya vanila ni mafuta ya ganda. Tikisa. Nyuzi za kahawia na punje nyeusi chini ni utomvu na mbegu. Chuja ukitaka, acha ukitaka.

Lakini kilichoota juu ya kioevu, au kwenye ncha ya ganda iliyochomoza nje, kinatupwa na chupa yote. Usikikwangue ukasema kileo kimeua kilichobaki. Ncha iliyo nje ya kileo haina ulinzi. Ndiyo maana maganda hukatwa mafupi au chupa hujazwa hadi yafunikwe. Vivyo hivyo kwa arki inayotoa mapovu, iliyochacha, au inayopiga "fss" unapofungua: imeumuka.

Na hapa ndipo hesabu ya maji inapoingia. Mililita 200 za vodka ya asilimia 40 zina mililita 80 za kileo. Ukitia gramu 200 za matunda mabichi yenye maji kama asilimia 90, umeongeza mililita 180 za maji. Sasa una mililita 80 za kileo ndani ya 380, yaani asilimia 21. Uliweka vodka kabatini, imegeuka kitu kinachokaribiana na divai iliyotiwa nguvu, na vipande vya tunda vinaelea juu. Ndiyo maana matunda yaliyokaushwa hutoa arki bora kuliko mabichi, na majani ya nanaa yafutwe maji vizuri baada ya kuoshwa. Ukishuka chini ya asilimia 25 usiiweke kabatini. Iweke kwenye friji na uimalize mapema.

Glisirini: nzito, tamu, lakini haisemi kitu

Asiyetumia kileo hutumia glisirini ya chakula, na inafanya kazi, ila ni mvivu. Arki yake huwa laini kuliko ya kileo hata ukifanya kila kitu sawa, kwa hiyo tia kiungo kingi zaidi na utarajie kutumia kipimo kikubwa kidogo kwenye mapishi. Uwiano unaozoeleka ni sehemu 3 za glisirini kwa 1 ya maji. Watu huona ni nzito, wanaongeza maji ili itiririke, na baada ya wiki tatu ukungu unawatembelea: ni ule wingi wa glisirini unaozuia vijidudu, na ukiuzimua umeondoa mlinzi. Kama ni nzito, weka chupa kwenye bakuli la maji ya moto kwa dakika 20, harufu nayo itatoka haraka zaidi. Matunda mabichi humo hapana. Friji ndiyo.

Chupani inanukia, kwenye keki haipo

Arki haina kosa. Harufu ni vitu vyepesi vinavyoruka na mvuke, na oveni ni mahali pa mvuke. Itie kwenye siagi na sukari wakati wa kuzipiga, si kwenye maji wala maziwa, kwa sababu mafuta huishika. Kwa kastadi na michuzi mitamu, tia baada ya kuepua. Limau na chungwa ndizo zinazotoroka kuliko zote. Kwa biskuti nyembamba zinazokauka kabisa, sugua na ganda bichi kidogo kwenye sukari, arki peke yake haitatosha.

Chokoleti imekuwa tope gumu ulipotia matone mawili

Chokoleti iliyoyeyushwa peke yake haivumilii maji, na arki ina maji. Matone machache yanatosha kuishikanisha sukari ikawa donge. Cha ajabu ni kwamba tiba ni majimaji zaidi: ongeza krimu ya moto kijiko kimoja kimoja huku ukikoroga hadi ilainike, uitumie kama mchuzi. Haitarudi kuwa chokoleti ya kufunikia. Ukitaka ladha kwenye chokoleti ya namna hiyo, tumia manukato ya chakula yenye asili ya mafuta. Usijitengenezee kwa kuloweka majani mabichi kwenye mafuta na kuyaacha kabatini. Mahali pasipo hewa wala asidi ndipo bakteria wa botulizimu hustawi, na sumu yake haina harufu wala rangi ya kukuonya.

Arki ya lozi hainuki kama ya dukani

Haitanuka, na ni vizuri ujue sababu kabla hujaanza kutafuta njia. Ile harufu kali ya lozi ni benzaldehidi, na lozi tamu za kawaida hazina ya kutosha. Ipo kwenye lozi chungu na kwenye kokwa za ndani ya mbegu za aprikoti, pichi na cheri, ambako inatoka kwenye amigdalini, na amigdalini hiyo hiyo ikivunjika hutoa sianidi. Viwanda vinavyotumia kokwa hizo huiondoa. Jikoni kwako huna namna ya kuiondoa wala ya kupima kama imeondoka. Ukiona maelekezo yanayokuambia uvunje mbegu za aprikoti na kuziloweka, yaache. Loweka lozi tamu zilizokaangwa kidogo ukitaka ladha ya kokwa, ukubali ni kitu kingine, na ile nyingine inunue.

Kwa ukali huo huo: kileo kiwe cha kunywewa, basi. Spiriti ya kusafishia vidonda, spiriti ya taa na methanoli ni sumu hata zikichujwa mara ngapi, hata kama unatia kijiko kimoja kwenye keki nzima. Na usipashe kileo kwenye moto wa wazi au kwenye chombo kilichofungwa. Mvuke wa vodka ya asilimia 40 unaweza kushika moto hata kwenye joto la chumba lenye nyuzi 26 au 27.

Ilikuwa nzuri, sasa inanuka rangi ya kupaka ukuta

Hii huwapata machungwa na limau. Limonini ikikutana na hewa na mwanga kwa muda hubadilika, na harufu inaelekea kwenye tapentaini. Hairudi. Gawanya arki kwenye chupa ndogo za kioo cheusi zilizojazwa hadi shingoni, maana nusu ya chupa iliyo tupu ni hewa. Plastiki uiepuke kwa arki hizi: mafuta yake hula baadhi ya plastiki, na vifuniko vya mpira hulainika na kuacha ladha. Andika kwenye chupa tarehe, gramu ulizotia na asilimia ya kileo, kwa sababu miezi sita baadaye, chupa mbili za kahawia zikiwa zimesimama pamoja, hutakumbuka ipi ni ya maganda matatu na ipi ni ya manane.